Kabla Hujashika Sururu: Namna ya Kutembelea Ngome Zetu za Kale na Kupima Thamani Yake

Katika ukanda wetu wa dhahabu, tangu Kahama na Bukombe mpaka Geita na Chato, mtu akionyeshwa ukuta wa kale swali lake la kwanza huwa moja: Wajerumani walizika nini hapa? Msumari uliopigwa mtini, msalaba uliochongwa juu ya jiwe, mawe matatu yaliyojipanga, vyote husomwa kuwa alama za mali. Usiku watu huja na sururu, asubuhi pamebaki shimo na kifusi. Makala hii namwandikia anayetaka kwenda kwenye maboma na ngome za upande huu kwa nia nyingine: azielewe, kisha aweze kusema kwa hoja kama mahali fulani panastahili kulindwa, na kwa nini.

Tuimalize kwanza habari ya mali, maana tusipoimaliza haitatuacha tutembee. Uvumi huu una chanzo cha kweli. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limebanwa na vita, meli hazifiki, sarafu zimeadimika. Mafundi wa karakana ya reli huko Tabora wakatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke, mgodi wa upande wa Singida ulioanza kuchimbwa mwaka 1909. Zilitoka zaidi kidogo ya sarafu 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushee, robo tatu ya uzito huo ikiwa dhahabu. Piga hesabu mwenyewe: dhahabu yote iliyokuwamo haifiki kilo 90. Mgodi mkubwa wa Geita miaka ya karibuni umekuwa ukitoa takriban tani 15 kwa mwaka. Kilo 90 kwake ni kazi ya siku mbili au tatu. Na sarafu zile zilitengenezwa ili zilipe watu. Zikapita mikononi, zikavuka mipaka, na leo nyingi ziko kwa wakusanyaji wa sarafu ng'ambo. Anayekuuzia ramani ya magunia ya dhahabu chini ya boma, au rupia ya fedha yenye miujiza, ni tapeli, hata akija na kibali chenye mhuri.

Dhahabu ikishaondoka kichwani, macho yanaanza kuona.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mahali penyewe, kabla ya ukuta. Nenda mbali kidogo kwa mfano, Bangladesh, ambako watawala wa dola ya Mughal katika karne ya 17 walijenga ngome kwenye mito inayozunguka Dhaka: Hajiganj na Sonakanda katika mto Shitalakshya, na Idrakpur huko Munshiganj. Mtu akizitazama kwa haraka ataona kuta fupi za matofali na jukwaa kubwa la mviringo, aondoke akiwa hakuvutiwa. Ajue kwamba maharamia walikuwa wakipanda mtoni kwa mashua kwenda kupora mji, na kwamba jukwaa lile lilibeba mizinga iliyoelekezwa majini, na hapo kila tofali linapata maana. Ngome hizo ni jibu la tishio lililokuja kwa njia fulani, na ukiijua njia umeijua ngome.

Kwetu tishio halikuja kwa mto. Katikati ya karne ya 19 Watuta, tawi la Wangoni waliopanda kutoka kusini, waliweka makao upande wa Runzewe, katika wilaya ya Bukombe ya leo, na kutoka hapo wakavamia vijiji vya Usumbwa, Uzinza na Usukuma. Misafara ya pembe na watumwa ikawa inapita ikiwa na bunduki. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa ametawala Unyamwezi kwa nguvu ya askari wake, rugaruga. Watu wakajifunga ndani. Unyamwezi walijenga makao ya mtemi, ikulu au kwikuru, kwa kuta za miti na udongo na nyumba za tembe zilizoungana zikageuka ukuta wenyewe. Usukuma, ambako miti ya kujengea ni haba na mbuga ni pana, ngome ilipandwa: minyaa, safu baada ya safu, na mlango mwembamba unaopindapinda. Utomvu wa mnyaa unachoma macho, na moto hauupiti upesi. Mshale hauoni upande wa pili.

Kwa hiyo usije Shinyanga ukitafuta minara. Ukipita Kishapu au Kahama ukaona mstari wa minyaa minene kuliko ya boma la ng'ombe la kawaida, imezeeka mpaka vigogo vimekuwa miti kamili, imezunguka eneo kubwa kuliko kaya moja inavyohitaji, na ndani yake kuna mikwaju au mibuyu mikubwa na mawe ya kusagia yaliyochakaa katikati, punguza mwendo. Huenda umesimama ndani ya ngome ya karne na nusu. Upande wa Geita na Chato ongeza alama nyingine, mavi ya chuma: mabonge meusi mazito yenye vitundu, masalia ya tanuri za Warongo, wahunzi wa Uzinza waliofua majembe. Wapo wanaoyaokota wakidhani ni mawe ya dhahabu, wakayapeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mtu mmoja akipeleka gunia moja, ushahidi wa kiwanda kizima umeondoka.

Maboma ya Wajerumani ni kundi la pili, na hayo yana kuta za kuonekana. La karibu kwa mtu wa Geita ni la Biharamulo. Njia hupita Katoro na Bwanga, na kwa anayetoka Kahama hupita Uyovu. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, Juni 1916 likatwaliwa na Wabelgiji waliokuwa wakishuka kutoka Rwanda, ambao Septemba mwaka huohuo waliingia Tabora. Boma limesimama mpaka leo. Kwa mtu wa Shinyanga, safari nzuri ni ya Tabora kupitia Nzega, kwa sababu huko kuna vitu vinne vya kulinganishwa kwa siku mbili: boma la Wajerumani, kumbukumbu ya Isiunula iliyokuwa ngome ya mtemi Isike, tembe la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872, na njia ya misafara yenyewe, ambayo ndiyo iliyoyaleta yote matatu. Boma la Tabora liko mikononi mwa jeshi. Usipige picha, hata ya mbali, na usijaribu kuingia kwa maneno matamu. Litazame kutoka barabarani, uone jinsi lilivyokaa juu ya mji, endelea na safari.

Ukiwa na nafasi ya kujiandaa, pita kwanza Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika. Ukishaona ngoma za watemi, viti vyao na nyumba ya jadi ilivyopangwa, utakapofika kwenye ikulu iliyobaki msingi tu utaweza kujaza kichwani kilichokosekana. Au nenda Ukenyenge, Kishapu, wakati wa Sanjo ya Busiya, tamasha la utemi wa Busiya. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ukiona umati unaofika pale utaelewa kwamba mahali pa mtemi bado pana wenyewe.

Nenda kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Masika udongo wa mbuga hauna huruma kwa gari wala pikipiki, na nyasi huficha kila kitu. Fika asubuhi mapema, jua likiwa chini: kivuli kirefu huonyesha tuta lililokuwa ukuta na mfereji uliokuwa handaki, vitu ambavyo saa sita mchana huvioni hata ukivikanyaga. Vaa viatu vilivyofunga kifundo. Katika ukanda wa uchimbaji usitembee kichakani bila mwenyeji, kwa kuwa maduara (mashimo ya wachimbaji) yaliyoachwa yamefunikwa na majani na hayana uzio. Nyuki hupenda nyufa za kuta nene, basi piga kimya na usirushe mawe.

Kwa watu, anza na ofisi ya kijiji au mtaa. Mtendaji akujue, mwenyekiti akujue, na daftari la wageni litiwe sahihi. Ukifika kwa mzee, salimia kwa heshima ya kwao. Kwa Wasukuma, "Mwangaluka, baba" ya asubuhi au "Mwadila, mayu" ya jioni hufungua zaidi ya barua yoyote. Kaa chini kabla hujauliza. Mzee atakukagua mikono na begi, kisha atauliza bila kuzunguka:

"Mwanangu, ile mashine umeiacha kwenye gari?"

Anamaanisha kifaa cha kutafutia madini. Usicheke wala usikasirike. Mjibu: "Hapana, baba, sina mashine. Nimekuja kusikia habari za hapa." Mwonyeshe daftari. Usitaje neno dhahabu, wala mali, siku hiyo. Waulize na akina bibi, na uwaulize bila wanaume kukaa karibu ikiwezekana, kwa sababu wao ndio wanaojua maji yalitekwa wapi, makaburi yapo upande gani, na nani aliolewa kutoka nje ya ngome. Soda na sukari kwa mwenyeji ni adabu. Fedha ya kununua simulizi huleta simulizi ndefu kuliko ukweli.

Sasa ukuta. Ukifika kwenye boma usianze kupiga picha. Lizunguke mara moja kwa nje, taratibu, mkono ukiwa mfukoni. Tafuta mahali ambapo ukuta mmoja umeegemea mwingine bila mawe yao kung'atana. Hapo kuna majengo ya nyakati mbili, na ule ulioegemea ndio mdogo. Tazama kinachoshika mawe. Udongo mwekundu, chokaa nyeupe inayomenyeka kwa kucha, na saruji ya kijivu iliyo ngumu ni vitu vitatu tofauti, na saruji mara nyingi ni alama ya matengenezo ya baadaye. Ukiona saruji imepakwa juu ya ukuta wa udongo au chokaa, na chini yake lipu inavimba na kubanduka, umeona ugonjwa wa kawaida sana wa majengo yetu ya kale: ukuta ulizoea kupumua, maji yakipanda kutoka chini hutoka kwa juu. Saruji imeyafungia ndani, na sasa yanaula msingi. Fundi aliyelipwa kutengeneza ndiye anayebomoa, na hajui.

Tafuta matundu ya kupigia risasi. Tundu la kweli ni pana kwa ndani na jembamba kwa nje, ili askari azungushe mtutu bila kuonekana. Chuchumaa, weka jicho, tazama lilikuwa likilenga nini: barabara, kisima, soko, au makao ya mtemi wa zamani? Maboma mengi ya Wajerumani yalilenga watu waliokuwa wakitawaliwa kuliko adui wa mbali, na jambo hilo huandikwa kwa nadra kwenye vibao, lakini tundu halijui kuficha. Kisha uliza chumba kipi kilikuwa cha kufungia watu, na wapi viboko vya hamsa ishirini, yaani 25, vilichapwa. Uliza waliobeba mawe walitoka vijiji gani. Mara nyingi jibu lipo, limekaa katika ukoo fulani ambao haujaulizwa.

Na hapa nisisitize kuhusu mashimo, maana ndiyo yanayoniuma. Chukua shimo la kawaida la watafuta mali chini ya ukuta wa kale, la kina cha mtu kukaa. Ukitazama pande zake utaona mistari: udongo wa juu wenye mizizi, chini yake tabaka la lipu iliyoanguka, chini zaidi majivu, kisha sakafu iliyoshindiliwa, kisha udongo mwekundu ambao haujaguswa. Ndani ya majivu kuna vigae vya vyungu, mfupa wa mbuzi, shanga ya buluu. Mistari hiyo inasema jengo liliungua kwanza ndipo likaanguka, au lilihamwa na paa likaoza polepole, na shanga inaweza kusema biashara ilifika lini. Sasa tazama kifusi kilichotupwa pembeni: majivu, lipu, vigae na shanga vimechanganyika kuwa rundo moja. Kila kitu kipo na hakuna kinachosema lolote. Mchimbaji wa Geita analijua jambo hili kuliko msomi yeyote. Mawe ya maduara mawili yakichanganywa kabla ya kupimwa, hakuna atakayejua tena duara lipi lilikuwa na kitu.

Kutokana na hilo napendekeza kipimo kimoja cha thamani, nacho ndicho ninachokitumia: pakichimbwa au pakibomolewa leo, ni jambo gani halitajulikana tena, na ni nani atakayekosa mahali pa kwenda? Ukubwa wa jengo hauingii katika swali hilo, wala uzuri wa picha yake. Umri unaingia kwa sehemu tu.

Kijaribu kwa Isiunula. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwashinda Wajerumani walipoivamia ngome yake mwaka 1892. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliuvunja ukuta, na Isike akaingia ghala la baruti akalilipua kuliko kutekwa. Hakuna jengo la kupigia picha linalolingana na tukio hilo. Mtalii wa haraka atasema hakuna kitu. Lakini ardhi ile ndiyo ushahidi pekee usioandikwa na mshindi: jinsi ngome ya mtemi ilivyopangwa, ilivyohimili mizinga, walikula nini wakiwa wamezingirwa. Tulichonacho kingine ni ripoti za maofisa wa Kijerumani, na maofisa huandikia wakubwa zao. Kwa kipimo changu eneo la namna hiyo lina thamani kubwa kuliko boma lililojengwa baadaye juu ya ushindi huo, ingawa boma ndilo linalopendeza.

Boma la Biharamulo nalo ukilipima litapata alama zake, kwa sababu nyingine. Mawe yake, upana wa kuta, mpango wa ua, vinaeleza utawala wa kodi na kazi za lazima kwa uwazi kuliko kitabu. Wako wanaosema maboma ya wakoloni yabomolewe kwa kuwa ni kumbukumbu ya mateso. Naheshimu uchungu huo lakini sikubaliani nao. Aliyebebeshwa jiwe hakuacha maandishi. Jiwe ndilo alilotuachia. Likibomolewa, anayepoteza ni yeye, maana mkoloni ana kumbukumbu zake Berlin. Linachohitaji boma ni maelezo yanayoanzia kwa wajenzi, si kwa jina la ofisa.

Kuna suala la uhalisi, ambalo huwachanganya wengi. Tembe la Kwihara unaloingia leo limejengwa upya. Je, ni la uongo? Inategemea unadai nini kwake. Ukitaka kugusa udongo aliougusa Livingstone, utakosa. Ukitaka kujua tembe lilivyokuwa, paa bapa la udongo, vyumba vya giza vinavyozunguka ua, ubaridi wa ndani saa nane mchana, utapata. Pia mahali penyewe ni pa kweli, na ndiyo maana Kwihara imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo na Ujiji, kama kituo cha njia kuu ya watumwa na pembe. Majirani zetu Uganda wametupa somo jingine. Jumba kuu la nyasi la Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, liliungua Machi 2010. Likajengwa tena kwa ufundi na miiko ya koo zilezile zinazohusika na kila sehemu ya jengo, na mwaka 2023 makaburi hayo yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Thamani ilikuwa katika ujuzi wa waezekaji na katika watu wanaokwenda kuomba pale. Kwa majengo yetu ya udongo na minyaa, ambayo lazima yafanywe upya kila kizazi, hilo ndilo la kutafuta: bado yupo mtu anayejua kushindilia paa la tembe? Bado kuna ukoo unaokuja kutambikia hapa? Akiwapo, mwandike kabla ya ukuta.

Nawe jihadhari na sifa za bure. Si kila jengo lenye umri ni malikale ya kupigania. Ghala la pamba la miaka ya 1950 linaweza kuwa muhimu sana kwa Shinyanga, kwa historia ya ushirika wa wakulima, au likawa bati na tofali tu. Jibu litoke kwenye swali lilelile, wala usione haya kuandika kwamba mahali ulipopatembelea hapana uzito mkubwa. Anayesifia kila kitu hasikilizwi siku ya jambo lenyewe.

Sheria nayo uijue, angalau mstari wake mmoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inalinda moja kwa moja majengo na ngome zilizokuwapo kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa yakitangazwa na waziri katika Gazeti la Serikali. Tafakari maana yake kwa upande wetu. Kila boma la Mjerumani ni la baada ya mwaka huo. Ngome ya Isike vivyo hivyo. Minyaa ya Kishapu, nani ataapa ilipandwa mwaka gani? Sehemu kubwa ya tunachokijadili haina ulinzi wa umri. Ulinzi wake lazima uombwe. Sheria hiyohiyo inakataza kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na leseni ya kuchimba madini haitoshi kwa kazi hiyo. Kwa upande wa madini, makaburi na mahali pa ibada havichimbwi bila ridhaa inayotakiwa na sheria. Mwenye leseni anayekuambia "hapa ni pangu chini na juu" mwombe kwa upole akuonyeshe.

Wachimbaji wadogo nisingependa wasomwe hapa kama maadui. Wao ndio wanaofika chini kila siku, na vijana wengi wa maduara wameona vitu ambavyo mtafiti angepanda ndege kuja kuviona. Kama una ndugu au rafiki kwenye machimbo, mwelekeze hivi: ukikuta vyungu vilivyokaa pamoja, mifupa ya mtu, au mirija ya udongo iliyoungua na mavi ya chuma, simamisha upande huo, piga picha vikiwa bado vimelala, weka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, andika kina kwa kuhesabu matimba (miti inayoshikilia kuta za duara), mwite mwenyekiti. Usivitoe kuvipeleka nyumbani. Kijiji kikijulishwa mapema, kazi huhamia upande mwingine wa eneo na riziki haipotei. Kikijulishwa baada ya fujo, huja polisi. Shinyanga tayari tunajua namna ya kuacha eneo lipumzike kwa makubaliano ya wenyewe. Ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa yapumzike, zilizofufuliwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) tangu mwaka 1986 zilifanywa hivyo, kwa wazee, kwa mikutano na kwa sheria ndogo za kijiji. Ngome ya minyaa inaweza kuingia ndani ya ngitili bila shilingi ya ziada, na ningeshauri kila kijiji chenye ngome ya aina hiyo kianzie hapo.

Ukirudi nyumbani, kaa uandike siku hiyohiyo. Chora mchoro wa eneo kwa mkono, hata mbaya, ukionyesha kaskazini, mlango, maji, makaburi na mashimo mapya. Tenganisha ulichokiona na ulichosimuliwa, na kila simulizi iandikwe imetoka kwa mtu wa namna gani: mwanamke wa makamo wa ukoo wa mtemi, mzee aliyehamia miaka ya vijiji vya ujamaa, na kadhalika. Picha za makaburi na ramani kamili usizitupe kwenye makundi ya simu, kwa sababu zitafika kwa wenye sururu kabla ya kufika kwa afisa.

Kisha toa nakala tatu. Moja ibaki ofisi ya kijiji. Moja mpe afisa utamaduni wa halmashauri, umwombe akusainie kuipokea. Ya tatu iambatane na barua kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ikipitia kwa mkurugenzi wa halmashauri. Barua isizidi kurasa mbili. Taja kata, kijiji na mipaka ya eneo, lilivyo leo, tishio lililopo kwa tarehe na picha, nani analitumia, na kitakachopotea likiharibiwa. Ambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioridhia eneo litangazwe, wenye majina na sahihi za waliohudhuria, wanawake wakiwamo. Omba mambo mawili tu: wataalamu waje kulikagua, na lifikiriwe kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na baada ya miezi mitatu nenda nayo kuuliza imefikia wapi.